Subira ya Mzigo

Tanga mtu hanunui pikapu peke yake. Akishatamka kwamba ana nia, jambo limekuwa la baraza. Muuza kahawa ana neno, mzee aliyewahi kuendesha malori ya mkonge ana neno, na kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kushika usukani wa magurudumu manne ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote. Shemeji yangu, mkulima wa machungwa wa Muheza, aliyapitia hayo alipoamua kuacha kukodi magari ya watu na kununua lake. Yadini zilimkaa moyoni mbili: Toyota Hilux ya lile umbo tunaloliita Vigo, na Ford Ranger ya umri unaokaribiana nayo. Ranger ilikuwa nadhifu zaidi, imetembea kilometa chache zaidi, na bei yake ilikuwa ya chini. Barazani hukumu ilitoka kabla kahawa haijapoa: Toyota.

"Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti," aliniambia. "Sasa shemeji, hii ni busara au ni mazoea tu?"

Ni swali zuri, na halijibiki kwa kuyatazama magari peke yake.

Kwa sifa za kiwandani, Ranger haina cha kuonea haya. Hilux ndiyo kongwe: ilitoka Japani mwaka 1968, na tangu hapo imebadilishwa umbo mara kadhaa. Ranger ya sura hii ilibuniwa Australia na kuingia sokoni 2011. Zote mbili zimekaa juu ya chesisi ya chuma, zote zina injini za dizeli zenye nguvu, zote zinabeba karibu tani moja, na zote zinaundwa Afrika Kusini: Hilux katika kiwanda cha Prospecton, Durban, na Ranger katika kiwanda cha Silverton, Pretoria. Kule Australia, nchi ya mashamba, machimbo na barabara ndefu za vumbi, Hilux iliongoza mauzo ya magari yote kuanzia 2016 hadi 2022. Mwaka 2023 Ranger ikaipokonya nafasi hiyo. Watu wanaolijua vumbi na wanaoujua mzigo wameichagua kwa hiari yao. Anayesema Ranger ni gari bovu anasema asichokijua.

Ila baraza halikusema hivyo. Ukilisikiliza vizuri, neno lake lilikuwa jingine: "Hiyo ikilala, italala sana." Siku ambayo gari linakwenda, magari yote ni sawa, mzigo unafika, tajiri anapata hesabu yake, dereva anapata chake. Tofauti hujitokeza siku gari limelala. Litalala saa ngapi, siku ngapi, wiki ngapi? Na wakati limelala, ni kitu gani kinaharibika shambani, ufukweni au kando ya barabara?

Siku ya kukagua alikuja fundi kutoka Ngamiani, kule ambako mitaa inaitwa kwa namba. Kabla ya kuzigusa zile mbili alitaka kutuonyesha kitu kwenye pikapu nyingine iliyoegeshwa pembeni, ambayo jina lake tuliache. Alitandika kipande cha boksi, akajisukuma chali mpaka chini ya gari, akaomba spana kubwa. Akaanza kuigonga chesisi kuanzia mbele, polepole, sikio likiwa karibu na chuma. Mbele mlio ulikuwa mkali, wa chuma kizima. Alipofika nyuma, karibu na pale springi zinaposhikiliwa, ukafifia, ukawa kama wa debe lililojaa mchanga. Akakwangua kwa bisibisi. Rangi nyeusi iliyopakwa majuzi ikabanduka, na chini yake yakatoka magamba ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, mengine makubwa kama kucha. "Mzee, hii imekunywa chumvi huko ilikotoka," alisema akiwa bado chini.

Alijua anachosema. Wengi wetu hudhani kila Hilux ya mtumba imetoka Japani, kwa sababu magari yetu mengi ya mtumba hutoka huko. Lakini Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Vigo, iliyoanza Thailand mwaka 2004 na kuachiwa nafasi na umbo jipya mwaka 2015, haikupata kuuzwa kwenye maduka ya Japani. Zinazotufikia zimetembea Thailand, Afrika Kusini, Uingereza na nchi nyingine zenye usukani wa kulia kama sisi. Na Uingereza, majira ya baridi, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Pikapu iliyofanya kazi huko miaka kumi imeshaliwa na chumvi kabla haijaiona Bahari ya Hindi, iwe Hilux, iwe Ranger. Jina halizuii kutu. Mwaka 2016 Toyota yenyewe ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi ya chesisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Somo la kwanza la fundi, basi, lilikuwa kwamba swali la "Toyota au Ford?" linakuja la pili. La kwanza ni "limetoka wapi, na chini yake kukoje?"

Somo lake la pili lilihusu oili. Ranger za kizazi hicho, zenye injini ya 2.2 na ya 3.2, zina pampu ya oili isiyopenda kukaa tupu. Ford iliwatahadharisha mafundi kwamba wakati wa kubadilisha oili injini isiachwe imemwagwa zaidi ya dakika kumi hivi, maana pampu inaweza kuingia hewa ikashindwa kuvuta oili mpya. Ukiwasha gari katika hali hiyo, injini inazunguka kavu, nayo haichukui muda kunoki.

Sasa ufikirie utaratibu wa gereji zetu za chini ya mwembe. Fundi anafungua nati ya chini, oili nyeusi inaanza kumiminika kwenye dumu lililokatwa. Anamtuma kijana akanunue filta. Kijana anakuta duka la kwanza halina, anakwenda la pili. Adhana ya adhuhuri inaadhiniwa, fundi anakwenda kuswali, anarudi, anakula. Oili bado inadondoka tone moja moja, naye ameridhika, kwa sababu amefundishwa kwamba fundi mwema huiacha oili chafu ishuke hadi tone la mwisho. Kwenye Hilux, huyu ni fundi mwangalifu. Kwenye Ranger, uangalifu uleule unaweza kuiua injini. Hakufanya uzembe, amefanya kila alichofundishwa, na alifundishwa kwa gari jingine.

Mfano huu ndio ulionifungua macho kuhusu neno "spea zipo". Watu wakisema Hilux ina spea huwa wanafikiria vitu vilivyopangwa kwenye rafu: bushi, shokapu, klachi, filta. Hivyo kweli vipo, na kama Tanga havipo, ukipiga simu Kariakoo asubuhi basi linavishusha stendi ya Kange kabla ya jioni. Lakini spea kubwa kuliko zote imo mikononi mwa mafundi. Ni ule ujuzi wa fundi wa Pangani, wa Mkinga, wa Korogwe, kwamba sauti fulani ikisikika upande wa kulia, dawa yake ni fulani. Ujuzi huo hauagizwi kwa basi. Umekusanywa kwa miaka mingi, injini baada ya injini, na kila injini ilikuwa ya mtu aliyekaa akingoja wakati fundi anajifunza.

Kwa hiyo bei halisi ya pikapu ina sehemu mbili. Moja inaandikwa yadini. Nyingine ni muda wa kungoja, na hiyo haiandikwi popote. Nilipofika hapo nikaona kwamba swali la shemeji haliwezi kuwa na jibu moja kwa Tanga nzima, kwa sababu watu wa pwani hii hawabebi mzigo mmoja, na kila mzigo una subira yake.

Anza na maziwa. Yakikamuliwa asubuhi, yanatakiwa kufika kituo cha kupozea mapema, kisha yaelekee kiwandani Tanga Fresh. Jua la saa nne likiyakuta njiani, hesabu imeisha. Subira ya maziwa ni ya saa chache. Samaki wa Kigombe au wa soko la Deep Sea ana subira ya barafu yake. Barafu ikiyeyuka naye amekwisha. Methali inasema subira yavuta heri, lakini changu na kolekole hawajaisikia. Mtu wa mizigo hii hana haja ya kulinganisha nguvu za injini. Anahitaji gari ambalo likizima Tongoni, fundi wa kwanza atakayepita na bodaboda awe amewahi kulitengeneza.

Machungwa yanaonekana kuwa na subira zaidi, nayo kweli yanayo: yaliyochumwa yanaweza kukaa siku kadhaa kivulini bila kuharibika. Lakini Muheza machungwa hayasafiri peke yake. Pikapu huyatoa shambani, kwenye njia nyembamba zinazoteleza wakati wa masika, na kuyafikisha barabarani ambako Fuso inasubiri kujaza. Mnunuzi wa Fuso ana safari ya Dar es Salaam au ya mpakani Horohoro, na wakulima wenye machungwa ni wengi. Gari lako likichelewa anajaza ya jirani na kuondoka. Hapo nilitambua kwamba subira ya mzigo haimo ndani ya tunda peke yake. Imo pia kwa yule anayeungoja upande wa pili. Vivyo hivyo kule Pangani, ambako kwa miaka mingi mto umevukwa kwa pantoni kwenda Bweni: mzigo wako unaweza kuwa wa kudumu kama jiwe, lakini pantoni ya mwisho ikishaondoka, umelala.

Upande mwingine kuna mizigo ya wavumilivu. Nazi kavu hazina haraka. Mbao hazina haraka. Mwani uliokaushwa vizuri katika vijiji vya Mkinga unaweza kukaa ghalani ukimsubiri mnunuzi, mradi usilowe. Chumvi ya mashamba ya pwani ndiyo kabisa. Nani amewahi kusikia chumvi imeoza? Mfanyabiashara wa vitu hivi, gari lake likilala wiki mbili kwa kusubiri nozeli kutoka mbali, anapata usumbufu, wala hapati hasara ya kumfilisi. Kwa kanuni yangu, huyu ndiye mtu wa Ranger.

Nilimpa fundi kanuni hiyo nikidhani nimemaliza. Akacheka. "Mzee, hao wenye subira ndio wanaokula magari," akasema. Mwani haukauki wote. Maji yake ya chumvi huchuruzika kwenye bodi, yakajificha kwenye maungio ya chini ambako bomba la kuoshea halifiki. Chumvi nayo humwagika punje punje, na usiku umande unaiyeyusha. Maziwa na machungwa ni mizigo yenye haraka lakini haina ubaya na chuma. Mwani na chumvi vinangoja bila kulalamika, na wakati vinangoja vinaimaliza chesisi. Samaki, maskini, ana yote mawili: hana subira, na maji yake yana chumvi. Ndiyo maana pikapu za samaki utazijua kwa mbali, bodi zimetoboka kabla taa hazijafifia. Kwa mtu wa mwani, ubingwa wa injini si hoja kubwa. Anachohitaji ni gari ambalo halijaonja chumvi ya Ulaya, dawa ya kutu iliyopakwa chini, na nidhamu ya kuosha kwa maji baridi kila jioni. Akikosa hayo, Hilux na Ranger zitakufa pamoja.

Linabaki lile neno la shemeji: mazoea. Je, Toyota ilizaliwa na haki ya kuwa chaguo la pwani? Haikuzaliwa nayo. Wazee wanakumbuka wakati gari la kazi lilikuwa Landrova, gari la bwana shamba, la polisi, la padri na la meneja wa mkonge. Fundi wa wakati huo alijua Landrova kama fundi wa leo ajuavyo Hilux, na baraza la wakati huo bila shaka lilitoa hukumu yake kabla kahawa haijapoa. Toyota ilikuwa ngeni. Ili iwe mwenyeji, ilibidi wawepo watu wa kuinunua wakati mafundi hawajaizoea. Kampuni ya Toyota Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Karimjee Jivanjee, familia ya wafanyabiashara iliyowahi pia kumiliki mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Hao walikuwa na mtaji wa kungoja. Wanunuzi wa kwanza wa kawaida walingoja kwa mfuko wao wenyewe. Kila anayenunua Hilux leo anaegemea subira ya watu hao bila kuwajua.

Ujuzi wa gari jipya karibu siku zote hushuka kwa ngazi hiyohiyo. Kwanza hulinunua wenye uwezo wa kusubiri: miradi, mashirika, wakandarasi, taasisi zenye gereji zao na magari ya akiba. Baada ya miaka michache magari hayo hupelekwa mnadani. Hununuliwa na watu wa kati, wenye kazi nyingine ya kuwaweka mjini gari likilala. Hao ndio wanaowafundisha mafundi wa mitaani, kwa gharama yao. Mkulima huja mwisho, wakati somo limeshaeleweka. Mtu akimcheka mkulima kwamba anaogopa vipya, hajaielewa hesabu yake. Mkulima anajua nani anayeweza kulipa ada ya kumsomesha fundi, na anajua kwamba yeye hamo katika orodha hiyo.

Hata hivyo kufuata wengi kuna kodi yake. Gari linalopendwa na kila mtu ndilo linalotengenezewa spea feki kwa wingi, kwa sababu ndiko wateja waliko. Boksi lina nembo, lina herufi zilizokolea, na bushi iliyomo inakwisha kabla ya mvua za vuli. Wepesi wa kupata spea, ule uliokuvutia, unageuka kuwa kazi ya kuzichambua. Pia Hilux iliyochoka huombewa bei ya gari zima, kwa kuwa muuzaji anajua utainunua tu. Jina linalipiwa, na wakati mwingine jina ndilo pekee lililobaki zima.

Hapo ndipo bei ya chini ya Ranger inapopata maana. Shemeji alidhani ni dalili ya ubovu. Mimi naiona kuwa ni hofu ya watu iliyogeuzwa fedha: soko zima limekadiria muda wa kungoja, likautoa kwenye bei. Mwenye mzigo usio na haraka, mwenye fundi anayekubali kujifunza na kusimamia saa wakati oili inamwagwa, mwenye jamaa Dar es Salaam wa kumtafutia kifaa, huyo analipwa mapema kwa subira aliyo nayo tayari. Akiikataa Ranger nzuri kwa sababu baraza limesema Toyota, atakuwa amelipia hofu isiyo yake.

Shemeji alinunua Hilux, nyingine, baada ya kugongwa chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Alilipa zaidi ya bei ya ile Ranger, na gari lenyewe lilikuwa limechakaa zaidi kwa ndani. Nilimwambia amefanya sawa. Kwa mtu ambaye machungwa yake yanasubiriwa na Fuso isiyomsubiri yeye, tofauti ile ya bei ni malipo ya haki kwa wote waliongoja kabla yake, nayo ni nafuu. Mdogo wake, anayenunua nazi kavu Pangani na kuziuza kwa mwaka mzima, ameanza kuulizia pikapu. Barazani wameshamjibu. Yeye nimemwomba asikubali hukumu mpaka ahesabu kwanza nazi zake zinaweza kungoja siku ngapi, na kama ana mtu wa kusimama na saa karibu na lile dumu la oili.